Jinsi ya Kusoma Nyayo za Kale Kwenye Mwamba wa Coconino, Grand Canyon: Mwongozo Kamili

Ukisimama kwenye ukingo wa kusini wa Grand Canyon, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, na kutupa macho upande wa pili wa bonde, utaona chini kidogo ya kilele mkanda mpana wa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, umesimama wima kama ukuta. Huo ndio mwamba wa mchanga wa Coconino. Ulianza kama jangwa lenye matuta ya mchanga miaka takriban milioni 280 iliyopita, wakati mabara yote yalikuwa yameungana na eneo hilo la Arizona lilikuwa karibu na ikweta. Ndani yake hakujapatikana mifupa ya wanyama. Kilichobaki ni nyayo, na zipo nyingi.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya Waswahili wanaoishi Arizona na majimbo jirani, kwa wasafiri watakaofika huko, na pia kwa yeyote anayetaka kujifunza namna ya kusoma nyayo zilizogeuka jiwe, hata kama atakutana nazo kwingine. Watu wengi hukosea jambo moja tangu mwanzo: wakiona unyayo, swali la kwanza ni "huyu alikuwa mnyama gani?" Swali hilo lina wakati wake, lakini linapaswa kungoja. La kwanza ni kuuliza mchanga wenyewe ulikuwa katika hali gani siku hiyo: ulikuwa mkavu au una unyevu, ulilala tambarare au ulikuwa mteremko, na mteremko huo ulielekea wapi. Anayeanza na mchanga humfikia mnyama bila taabu. Anayeanza na mnyama hubahatisha.

Kwanza: jizoeze kwenye mchanga wa leo

Kabla ya kufunga safari, tafuta mchanga wa kawaida. Aliyeko Pwani ya Kenya anayo matuta ya Shela kisiwani Lamu, au yale ya Mambrui kaskazini mwa Malindi. Nenda alfajiri, upepo wa usiku ukiwa umekwisha kufuta mikanyago ya watu. Litazame tuta kama nahodha anavyolitazama tanga: lina upande wa joshi, unaopigwa na upepo, ambao huinuka polepole na mchanga wake umeshikamana, na lina upande wa demani, uliokingika, ambao huporomoka kwa mteremko mkali na mchanga wake ni mlegevu. Upepo huzipandisha chembe upande wa joshi, zikifika kileleni zikaanguka upande wa demani, na kwa njia hiyo tuta zima husogea. Aliyewahi kufika Ngorongoro na kuona lile tuta jeusi la majivu ya volkano, lenye umbo la mwezi mwandamo, ambalo wenyeji na watalii huliita mchanga unaohama, ameliona jambo hilohilo.

Sasa tafuta njia ya mjusi au ya kaa upande wa demani, kisha piga magoti. Angalia kwamba mnyama anapopanda, kila mguu husukuma mchanga nyuma, na nyuma ya kila unyayo hubaki kijirundo chenye umbo la kucha ya mwezi. Kijirundo hicho hukaa upande wa chini wa mteremko. Kisha angalia mnyama anayeshuka: mchanga mkavu humfuata kwa nyuma, ukamwagikia nyayo zake na kuzifukia. Ukiyaona mambo haya mawili kwa macho yako, umeshapata nusu ya elimu unayoihitaji.

Asiye karibu na matuta anaweza kutumia sinia ya mchanga nyumbani, au hata kinyunga cha unga. Wala usicheke: miaka ya 1820, zilipopatikana nyayo za namna hii katika mwamba mwekundu wa mchanga kusini mwa Uskoti, mchungaji wa kanisa Henry Duncan alimwandikia mwanajiolojia William Buckland wa Oxford, naye Buckland akamtembeza kobe juu ya unga uliokandwa na juu ya mchanga ili alinganishe alama. Akaridhika kwamba nyayo zile zilikuwa za kobe. Kuhusu kobe alikosea, lakini njia yake ya kujaribu ndiyo tunayoitumia hadi leo, na jina la Kigiriki lenye maana ya "alama ya kobe", Chelichnus, lilibaki. Nyayo nyingi za Coconino zimepewa jina hilohilo.

Pili: lijue tabaka lako ndani ya ngazi ya miamba

Miamba ya Grand Canyon imepangika kama mikeka iliyolazwa mmoja juu ya mwingine. Utakapokuwa unashuka kutoka ukingo wa kusini, kwanza utapita Kaibab, mwamba wa chokaa wa rangi ya kijivu na krimu wenye visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka jiwe, vya viumbe wa baharini. Kisha Toroweap, ambao ni mchanganyiko na kwa kawaida hufanya mteremko wenye miti. Kisha ukuta mweupe wa Coconino. Na chini yake Hermit, udongo mwekundu uliogeuka mwamba. Sehemu hiyo ya ukingo wa kusini, Coconino una unene wa takriban mita 100.

Mpaka wa chini ni wa kupendeza kuliko wa juu. Hapo nyeupe hukutana na nyekundu ghafla, kana kwamba umekatwa kwa kisu, na mahali pengine utaona nyufa zilizoshuka ndani ya udongo mwekundu zikiwa zimejaa mchanga mweupe wa juu. Udongo ulikauka, ukapasuka, na mchanga wa jangwa ulipofika ukaingia nyufani.

Kama una muda wa saa moja kabla ya kushuka, anzia Jumba la Makumbusho la Jiolojia la Yavapai, lililo ukingoni, na utembee ile njia iitwayo Trail of Time. Kila mita moja ya njia hiyo inasimamia miaka milioni moja, na sampuli za miamba zimewekwa mahali pa umri wake ili uziguse. Nyayo za watu wa kale za Laetoli, kule Tanzania, zenye umri wa miaka kama milioni 3.66, zingekuwa hatua nne au tano tu kutoka mwanzo. Coconino utaifikia baada ya kutembea karibu mita 280. Dainosari wa kwanza wangekuwa mita 230 hadi 240 kutoka mwanzo, maana yake utawapita kabla ya kuufikia mwamba wetu. Kwa hiyo atakayekuambia kwamba nyayo za Coconino ni za dainosari, mpeleke kwenye njia hiyo akahesabu mita mwenyewe.

Tahadhari moja: jiwe lililoanguka si la mahali lilipo. Mwaka 2016 mwanajiolojia kutoka Norwei, Allan Krill, aliona nyayo juu ya jiwe kubwa kando ya njia ya Bright Angel, mahali ambapo maelfu ya watu walikuwa wakipita. Jiwe lilikuwa limeporomoka kutoka juu, na watafiti walipofuatilia tabaka lilikotoka waligundua ni la Manakacha, lenye umri wa takriban miaka milioni 313, yaani kongwe kuliko Coconino. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 2020. Ukikuta jiwe huru, inua macho kwanza, utafute limekatika wapi.

Tatu: panga safari ya kwenda Hermit

Njia inayofaa zaidi kwa nyayo za Coconino ni ile ya Hermit, inayoanzia karibu na Hermits Rest, mwisho wa magharibi wa barabara ya ukingoni. Kuanzia Machi 1 hadi Novemba 30 magari binafsi hayaruhusiwi kwenye barabara hiyo; utapanda basi la bure la hifadhi. Usichelewe kurudi, kwa sababu basi la mwisho halimngoji mtu aliyekaa akipiga picha mawe.

Njia hii ilijengwa na kampuni ya reli ya Santa Fe kuanzia mwaka 1911, na zamani ilipendwa na wageni waliopanda nyumbu. Leo haitunzwi kama njia kuu: ina mawe yaliyolegea, na mahali pengine maporomoko yameifunika. Inapoukata ukuta wa Coconino, mafundi wa zamani waliitandika kwa mabamba ya mwamba wenyewe, na sehemu hiyo hujulikana kama White Zigzags kwa sababu ya kona zake nyeupe. Hapo ndipo kazi yako ilipo. Huna haja ya kushuka zaidi ya makutano ya njia ya Dripping Springs, kilomita 2.4 hivi kutoka juu.

Umbali huo unaonekana mdogo, na ndipo watu wanapoponzwa. Kupanda kutakuchukua muda karibu mara mbili ya kushuka, na utapanda mchana, ukiwa umechoka. Jaza maji Hermits Rest kabla ya kuanza, lita mbili au tatu kwa kila mtu, na ubebe vitafunio vyenye chumvi. Miezi ya kiangazi iache kama unaweza. Aprili, Mei mwanzoni na Oktoba ndiyo miezi mizuri. Majira ya baridi barafu huganda kwenye kona za juu, na bila vyuma vya kuvaa chini ya viatu utateleza.

Katika mfuko weka rula fupi ya plastiki, utepe laini wa kupimia kama ule wa fundi cherehani, tochi yenye mwanga mkali, daftari, penseli, na simu yenye kamera na dira. Nyundo acha nyumbani. Sheria ya Marekani ya mwaka 2009 ya kulinda visukuku, pamoja na kanuni za hifadhi, zinakataza kuchukua, kuvunja au kuharibu kisukuku chochote. Usipake chaki, usimwage maji ili unyayo ung'ae, wala usijaribu kutengeneza kalibu ya plasta. Picha na vipimo vinatosha.

Nne: soma mteremko kabla ya unyayo

Ukifika kwenye mwamba mweupe, usitazame chini kwanza. Tazama ukuta ulio pembeni. Utaona mistari mingi iliyolala upande, imeegemeana kama kurasa za kitabu kilichosukumwa, kisha imekatwa kwa juu na mstari mmoja karibu tambarare, na juu yake kundi jingine la mistari iliyolala upande. Kila mstari mmojawapo ulikuwa uso wa tuta upande wa demani, siku fulani, kabla ya mchanga mwingine kuufunika. Mistari hiyo huinama kwa nyuzi 20 hadi 30 hivi, na kwa jumla huelekea kusini, maana yake upepo uliotawala ulivuma kutoka kaskazini. Mchanga wenyewe ulitoka mbali sana: uchunguzi wa chembe za madini ya zirkoni umeonyesha kwamba sehemu yake ililetwa kutoka milima ya Appalachia, upande wa mashariki wa bara hilo.

Weka dira juu ya bamba lililo bado mahali pake, uandike linainama kuelekea wapi na kwa nyuzi ngapi. Simu nyingi zina kipima mwinamo. Andika kabla hujaangalia nyayo, kwa sababu ukishaona nyayo akili itaanza kuchagua inachotaka kuona.

Kisha chunguza uso wa bamba. Mikunjo midogo ya upepo, yenye vimo vifupi na nafasi pana, hupatikana huku ikielekea juu na chini ya mteremko. Mara chache utaona vishimo vya mviringo vyenye kingo zilizoinuka kidogo, vimetawanyika bila mpango: hivyo ni vipigo vya matone ya mvua.

Tano: tafuta kwa mwanga wa ubavuni

Mara ya kwanza nilifika pale saa sita mchana, jua likiwa utosini, nikapiga picha zaidi ya hamsini. Nilipozifungua jioni niliona mawe matupu. Unyayo una kina cha milimita chache tu; bila kivuli haupo.

Asubuhi sehemu hiyo ya njia huwa kivulini, na hilo ni jambo jema. Washa tochi, uilaze karibu iguse jiwe, na uisogeze polepole kuzunguka bamba kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Jiwe lililoonekana laini litaota vidoto vya kivuli vilivyojipanga mistari miwili. Simama hapo hapo. Zungusha mwanga hadi vivuli vianguke kuelekea chini ya mteremko, kisha upige picha, rula ikiwa kando na iko sambamba na njia ya nyayo. Piga picha ya pili mwanga ukitoka upande mwingine. Macho hudanganyika, na katika picha moja shimo linaweza kuonekana kama uvimbe.

Kumbuka pia kwamba unyayo huhifadhiwa kwa namna mbili. Sura ya juu ya bamba la chini huwa na unyayo uliobonyea. Sura ya chini ya bamba lililokuwa juu yake huwa na nakala iliyovimba. Na kuna nyayo ambazo mnyama hakuzikanyaga moja kwa moja, bali uzito wake ulipenya na kukunja tabaka lililokuwa chini ya lile alilolikanyaga. Hizo mimi huziita vivuli vya nyayo. Hazina kucha wala kingo kali, na anayepima ukubwa wa mnyama kwa kuzitumia atakosea.

Sita: mfuate mnyama

Sasa ndipo mnyama anaporuhusiwa kuingia. Nyayo za kawaida za Coconino ni za mviringo, fupi, vidole vyake ni vitano lakini mara nyingi vinaonekana vitatu au vinne, na ya mbele inakaribiana kwa ukubwa na ya nyuma. Mtaalamu wa visukuku Richard Swann Lull aliandika kuhusu baadhi yake mwaka 1918. Kisha Charles Gilmore wa taasisi ya makumbusho ya Smithsonian alifika Hermit mwaka 1924, akakusanya mabamba na kuchapisha kazi tatu kati ya 1926 na 1928, akitoa majina mengi. Mengi kupita kiasi, kwa kweli: mwaka 1996 watafiti Patrick McKeever na Hartmut Haubold walionyesha kwamba tofauti nyingi zilitokana na mteremko na ulegevu wa mchanga, si wanyama tofauti, wakayapunguza majina hadi machache. Hilo ndilo kosa ninalokuonya nalo tangu mwanzo. Walioziacha kwa sehemu kubwa wanadhaniwa kuwa wa lile kundi la kale ambalo baadaye lilizaa mamalia, wenye umbo kama la mjusi mnene.

Tafuta kijirundo cha mchanga kwenye kila unyayo. Kikikaa upande wa chini, mnyama alikuwa anapanda. Na utagundua kwamba karibu wote walikuwa wanapanda. Je, hawakuwahi kushuka? Swali hilo lilimsumbua Edwin McKee, aliyewahi kuwa mtaalamu wa mazingira wa hifadhi hiyo, na miaka ya 1940 aliwatembeza mijusi kwenye miteremko ya mchanga, mkavu na wenye unyevu. Nyayo za kupanda zilibaki. Za kushuka zilifukiwa na mchanga ulioporomoka. Aliyejizoeza Shela anajua tayari.

Utakutana pia na njia zinazokwenda mshazari, vidole vikielekea juu ya mteremko huku mwili ukisogea kando. Katika tafiti zake za mwaka 1979 na 1991 Leonard Brand, aliyewafanyia majaribio wanyama kama salamanda ndani ya maji, alidai kwamba alama kama hizi zingeelezeka vyema zaidi kwa mkondo wa maji. Wanajiolojia wengi hawakukubali, na mimi naona wana haki: mnyama yeyote anayekata mteremko mlegevu hufanya hivyo, na kwenye mabamba hayohayo kuna njia za nge na buibui pamoja na matone ya mvua, vitu ambavyo havifanyiki chini ya maji. Bado, chora mwelekeo wa vidole na mwelekeo wa safari kama mistari miwili tofauti kwenye daftari lako. Ni kipimo kizuri, yeyote awe mshindi.

Nyayo kubwa ni chache. Mnamo 2019 watafiti walitangaza njia ya aina iitwayo Ichniotherium, iliyoachwa na mnyama wa kundi la kale la wanyama wa miguu minne liitwalo diadectomorpha, ambao kabla ya hapo hawakudhaniwa kuwa waliishi jangwani.

Saba: pima na uandike

Chagua njia moja yenye nyayo angalau sita zinazofuatana. Pima upana wa kila unyayo, kisha umbali kutoka unyayo wa nyuma wa kushoto hadi unaofuata wa nyuma wa kushoto, ambao ndio hatua kamili, kisha upana wa njia nzima. Halafu tafuta nukta ya katikati baina ya nyayo mbili za nyuma zinazofuatana, kushoto na kulia, na nukta ya katikati baina ya nyayo mbili za mbele za mfululizo huo. Umbali kati ya nukta hizo mbili unakaribia urefu wa kiwiliwili, kutoka nyonga hadi bega.

Kwenye bamba moja nililolipima, unyayo ulikuwa na upana wa sentimita 3, hatua kamili sentimita 14, upana wa njia sentimita 9, na kiwiliwili sentimita 11. Mnyama alikuwa na kiwiliwili cha urefu wa kiganja cha mtu, miguu imetanuka kando, anapanda polepole. Mstari wa mkia haukuwapo, hivyo aliuinua. Kwenye unyayo wa tano hatua ilifupika hadi sentimita 10 na kijirundo kikawa kikubwa maradufu: hapo mchanga ulilegea, akateleza, akakaza mguu.

Mwishoni andika mahali kwa kutumia alama za njia, kona ya ngapi kutoka juu, upande gani, na uwapelekee walinzi wa hifadhi picha zako kama unadhani umeona kitu kisicho cha kawaida. Usichapishe mahali penyewe mtandaoni; mabamba huibwa.

Unaporudi juu, pita tena kwenye mabamba yaleyale. Alasiri jua huingia kutoka magharibi na kulilamba jiwe kwa ubavu, na kwenye bamba nililolipita asubuhi nikiwa na tochi mkononi niliona, kando ya njia ya mjusi wangu, mistari miwili ya vidoto vidogo kama vya ncha ya penseli, vitatu vitatu, na katikati yake mfereji mwembamba wa mkia. Nge alikuwa amepita hapo.